Kiti Katikati ya Sebule

Mzee wa Saa alikutwa kitandani mwake Alhamisi alasiri, dari ya chumba ikiwa juu yake. Zimamoto walimtolea dirishani, maana machela haikuweza kukata kona ya ngazi. Gari lao walikuwa wameliacha mbali, nje ya mtaa wa kale. Vichochoro vya huko vilijengwa kwa ajili ya punda, na sheria ya hifadhi ilikataza kuvipanua hata kwa shubiri moja.

Inspekta alifika saa kumi na nusu. Alisimama mlangoni, akafumba macho, akamwombea marehemu. Koplo wake, aliyekwisha kumzoea, alingoja mpaka amina.

"Afande, huu ni uchakavu tu. Nyumba ya miaka mia mbili hii."

"Na wewe ukifika miaka mia mbili utavunjika kwa mstari ulionyooka hivi?"

Alikuwa amechuchumaa kwenye kifusi. Boriti iliyoanguka ilikuwa imekatika karibu na ukuta. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini kama mkate uliopitiwa kisu. Ni kipande cha chini tu kilichopasuka chenyewe. Kando yake lilikuwapo pipa kubwa la bati lililotoka darini, limepondeka. Inspekta aliingiza mkono kwenye kifusi. Chokaa ilikuwa tope.

"Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

"Mwezi uliopita, afande."

Akajifuta mkono.

Aliwahoji watu wa nyumba sebuleni, chumba cha mbele cha chini. Kilikuwa kirefu na chembamba, chenye dirisha moja lenye nondo za kale na hewa iliyokaa kama maji ya kisimani. Wa kwanza alikuwa binti wa marehemu, mwanamke wa makamo aliyeitwa Dada na mtaa mzima. Ndiye aliyekuwa akimtunza Mzee tangu mama yao afariki. Alileta chai kwenye sinia, akipita kandokando ya ukuta, akajibana kati ya kabati na dirisha, akaitua mezani kwa ubavu.

"Pole sana, Dada. Dari ilipoanguka ulikuwa wapi?"

"Sokoni. Nilikuwa nachagua nyanya, muulize hata muuzaji."

"Na baba?"

"Kliniki ya presha. Kila Alhamisi anaondoka asubuhi, anarudi jioni. Foleni yao unaijua. Leo sijui kulikuwa na nini, daktari hakufika. Akarudi, akalala." Aliipangusa sinia kwa upindo wa kanga. "Hakuwahi kurudi mapema, afande. Hata siku moja."

"Lile pipa la darini lilikuwa na nini?"

"Halina kitu. Tangu tuvute bomba la chini, mimi nalijaza la nini?"

Mdogo wake wa kiume alifika Ijumaa kutoka mji mwingine. Watu walimwita Meneja kwa sababu ya mipango yake isiyoisha. Alikatiza katikati ya chumba, akavuta kiti, akakaa.

"Nilitaka tufanye nyumba ya wageni, sifichi. Lakini yule Bwana Hifadhi, hata kitasa ukitaka kubadili, uanze kumsujudia. Nikamwambia Dada, achana nayo, njoo kwangu. Akasema, nani atamwangalia baba? Baba naye anasema hatoki humu mpaka nyumba yenyewe imfukuze. Basi, wakakaa."

"Dada alilalamika?"

"Dada? Huyo hata akiungua haombi maji."

Bwana Hifadhi mwenyewe, afisa wa majengo ya kale, alikuja na koti lililopigwa pasi. Jumatano alikuwa ameikagua nyumba na kuiona salama.

"Ulipanda darini?"

"Macho yangu yanatosha, afande."

"Yangetosha, mimi nisingekuwa hapa."

Lakini Koplo hakuwa na haja na hao wote. Mtu wake alikuwa keshampata. Ni fundi wa nyumba hiyo, aliyeitwa Misumari. Msumeno wake ulikutwa chini ya ngazi, una unga wa mbao menoni, na majirani walimsikia wiki iliyopita akimpigia Mzee kelele: "Nyumba hii itakuua!" Mkuu wa kituo alifurahi. Jumatatu mchana Misumari angepandishwa kizimbani kwa mauaji.

"Niliona nyufa!" fundi alilia mahabusu, ameshika nondo. "Nikamwambia Mzee tuombe kibali upya, akanifukuza. Mtu akikuonya ndiyo amekuua, afande?"

"Msumeno uliuacha kwa nini?"

"Kazi ilisimamishwa na Bwana Hifadhi! Niutembeze mtaani kama kifimbo? Kila mtu anajua ulipo, hata paka wao."

Jumamosi Inspekta alirudi kwa Dada. Akaletewa chai tena, na sinia ikazunguka tena ukutani. Usiku ule hakupata usingizi. Alimwomba Mungu asimwache amfunge asiye na hatia, wala asimwache amwonee huruma mwenye hatia. Jumapili, baada ya ibada, alikwenda na zimamoto wawili, wakashinda kwenye chumba kitupu kilichokuwa juu ya sebule. Koplo alipouliza walifanya nini huko, aliambiwa awe na subira.

Jumatatu saa tatu asubuhi wote waliitwa. Viti vilipangwa ukutani, isipokuwa kimoja kilichowekwa katikati ya chumba. Koplo aliusukuma mlango ukafunga, nao ukakwama. Tangu dari ianguke fremu ilikuwa imekwenda upande.

"Haufunguki, afande."

"Uache. Hatuna haraka. Misumari, kaa pale katikati."

Fundi alikaa, pingu mikononi, jasho likimtiririka. Dada aliinuka nusu, akakaa.

"Msogezeni basi huku kwenye hewa," alisema.

"Pale panamtosha." Inspekta alinyanyua fimbo ya ufagio, akagonga dari. Juu, mtu alijibu kwa kukanyaga sakafu kwa buti. Vumbi la chokaa likamwangukia Misumari mabegani. Meneja alikohoa. Bwana Hifadhi alipangusa koti lake. Buti zikakanyaga tena, kwa nguvu zaidi, na boriti ikalia.

"Mtoeni hapo!" Dada aliruka, akamvuta fundi kwa pingu mpaka wote wawili wakaanguka ukutani. "Mtamuua! Na hiyo nayo imekatwa!"

Misumari alimtazama usoni, mdomo wazi.

"Imekatwa, ni kweli," Inspekta alisema taratibu. "Mkato ulizibwa kwa sabuni na masizi, huwezi kuuona bila kulala chali sakafuni. Jana tumeifunga kwa minyororo, haianguki. Lakini wewe hukujua kuwa imefungwa, Dada. Ulichojua ni kwamba imekatwa, ndiyo maana mara zote mbili chai yangu ilizunguka ukutani."

"Dada?" Meneja aliita, kama mtoto aliyeamshwa.

"Na pipa halikuwa tupu. Kifusi kilikuwa tope bila mvua. Ulikata ile ya chumbani, ukatia mpira wa maji kwenye pipa lililo juu yake, ukaenda sokoni. Pipa likajaa lenyewe."

Dada alibaki pale pale sakafuni.

"Nilianza na hii," alisema. "Nikaogopa. Humu ndimo anamoshinda baba. Chumbani mchana hakai mtu, na Alhamisi nyumba nzima haina mtu. Nilitaka dari tu, afande. Dari ianguke, waseme nyumba haifai, atoke. Mwenyewe alisema hatoki mpaka imfukuze. Nami nitoke. Nimekuwa mtu mzima humu, naangalia ukuta wa jirani kupitia nondo zile. Mtu wa kunioa alikuja, akachoka kungoja, akaenda zake."

"Na Misumari angenyongwa?" Koplo aliuliza kwa ukali.

"Kila asubuhi nilivaa viatu nije kituoni. Nikifika mlangoni, miguu inakataa."

Misumari alifuta vumbi machoni kwa mikono iliyofungwa. "Miguu yako, dada yangu," alisema, "ilikuwa inatembea juu ya shingo yangu."

Dada alimgeukia Bwana Hifadhi. "Nyumba nyingine zikibomoka si mnazifuta kwenye hifadhi? Si mngetuachia?"

Yule afisa alivua kofia. Akaizungusha mkononi.

"Kuta zingebaki, bibie. Kuta zikibaki, mwenye nyumba anaamriwa kuijenga upya. Vilevile ilivyokuwa."

"Vilevile?"

"Na dirisha lilelile."

Dada aliegemeza kichwa ukutani. Hakulia. Inspekta alimfungua Misumari pingu, akapiga magoti, akamfunga nazo Dada. Kwa nje zimamoto walikuwa wameanza kuuvunja mlango kwa shoka, na Bwana Hifadhi hakuwakataza.