Kigingi cha Babu Anaeli

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Anyesi alisikia ndoo ya Bibi Nashipae ikipita nje. Aliijua kwa sauti yake, kwa sababu kishikio kilikuwa kimelegea na kililia kila mzee huyo alipopiga hatua. Bibi Nashipae aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho juu kabisa, karibu na msitu, na ilimpasa ashuke kijiji kizima cha Akheri mpaka kwenye chemchemi ya bondeni. Kwa Anyesi, sauti ile ilikuwa kengele ya kuamkia. Alikunja blanketi, akachukua ndoo yake, akatoka naye kuteka maji kabla ya kwenda shule.

Anyesi alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na baba yake, Mzee Ezra, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Watu walianza kubisha hodi kwao kabla chai haijachemka. Huyu ng'ombe wake kala mahindi ya jirani, yule anataka barua ya utambulisho, mwingine kakosa zamu yake ya maji ya mfereji. Baba aliwasikiliza wote. Anyesi akiwa na jambo lake, aliambiwa asubiri kidogo, na kidogo hicho kilikuwa hakifiki.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba kitongoji kitapata bomba la maji la watu wote, Anyesi aliona zamu yao imefika. Aliwaambia wenzake shuleni bila kumung'unya maneno, "Bomba litawekwa getini kwetu. Si baba yangu ndiye mwenyekiti?"

Mdomo uliponza kichwa. Mkutano wa kitongoji ulipokaa, Baba alisimama akasema bomba litawekwa kwenye kona ya shamba la Babu Anaeli, katikati ya mteremko. Babu Anaeli alikuwa amekubali kutoa kipande hicho bure, mbele ya watu wote. Kesho yake darasani kijana mmoja alimuuliza Anyesi, "Eti, geti lenu limehama?" Darasa zima likacheka, na Princess, mjukuu wa Babu Anaeli, akacheka pia.

Hilo angeweza kulimeza. Lililomkwama kooni lilitokea Alhamisi, fundi wa maji aitwaye Emmanuel alipokuja kupima. Anyesi alisimama njiani akitazama. Fundi aliomba mtu wa kumshikia ncha ya futikamba, na Baba akageuka, akamwona Princess, akasema, "Njoo mwanangu, shika hapa. Una mkono usiotikisika." Kisha fundi akapigilia kigingi chenye utepe mwekundu mahali pa bomba.

Mwanangu. Anyesi alihisi wivu ukimpanda mpaka machoni. Princess alikuwa na bomba, alikuwa na sifa, na sasa alikuwa amechukua hata neno ambalo kwao nyumbani lilikuwa limeadimika. Usiku huo hakula vizuri. Mama alipomuuliza, alisema tumbo linamsumbua.

Ijumaa baada ya shule alitumwa kukata majani ya ng'ombe kando ya mfereji. Alipofika kwenye kona ya Babu Anaeli hapakuwa na mtu. Kigingi kilisimama ndani ya shamba, nyuma ya mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wameru huipanda kuonyesha mpaka. Anyesi aliweka mundu chini. Akakitikisa kigingi, kikalegea, kikatoka. Akakipenyeza kati ya masale na kukichomeka upande wa pili, kwenye kingo za mfereji, mahali ambapo hata mjinga asingejenga bomba. Alitaka tu Princess naye aonje kukosa. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Jumamosi ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja wa kuchimba mtaro, na watu walifika na majembe na sururu zao. Hata Bibi Nashipae alikuja, akakaa juu ya ndoo yake aliyoifudikiza, akisema mikono yake haichimbi tena lakini macho yake yanaweza kusimamia.

Fundi Emmanuel alifungua daftari lake, akatazama mfereji, akatazama shamba. "Kigingi nilikiweka ndani ya masale," alisema. "Nani amekitoa nje?"

Pale Akheri hata mtoto mdogo anajua maana ya masale. Kitu kikivushwa nje ya masale, mwenye shamba amekikataa. Macho yote yakamgeukia Babu Anaeli.

Ndesanjo, jirani mwenye maneno mengi, ndiye aliyesema. "Mzee, ardhi uliitoa kwa mdomo tukiwa tumekaa, ukairudisha kwa mkono tulipoondoka."

"Sijakigusa," alisema Babu Anaeli.

"Kimetembea chenyewe?"

Mzee yule aliegemea fimbo yake. "Nina miaka sabini na minane," alisema. "Kama neno langu halina uzito tena hapa, basi na ardhi yangu ibaki na mimi." Akageuka kuelekea nyumbani. Princess alimfuata akimshika mkono, akilia bila kujificha.

Fundi Emmanuel alieleza kwamba gari la mabomba lilikuwa linasubiri barabarani, na kama mahali hapajulikani mpaka saa sita, angelazimika kulipeleka kitongoji cha pili kwenye orodha.

"Basi si bomba tuliweke getini kwa mwenyekiti?" alisema Ndesanjo. "Pale hapana ugomvi."

Hicho ndicho alichokitaka Anyesi, aliyekuwa amesimama kando ya baba yake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na wale waliomcheka wangekuja na ndoo zao getini kwao.

Kisha Bibi Nashipae aliinuka taratibu, akaigeuza ndoo yake. "Getini kwa mwenyekiti ni hatua chache tu kutoka bondeni," alisema, kama anayejisemea. "Kwangu hakitabadilika kitu. Ngoja nikateke maji yangu mapema." Kishikio kikalia, na sauti ile aliyoizoea Anyesi kila alfajiri ikamchoma rohoni.

"Baba," alisema. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilikihamisha kigingi. Jana, nikikata majani. Babu Anaeli hajui lolote." Machozi yalimtangulia lakini aliendelea. "Nilimwonea Princess wivu. Ulimwita mwanangu."

Baba alivua kofia yake. Kwa muda alionekana hajui aiweke wapi. "Ndugu zangu," alisema mwishowe, "kosa limetoka nyumbani kwangu. Nimelisikia pamoja nanyi."

Mama, aliyekuja kuchimba kwa niaba ya nyumba yao, alikwenda kwenye masale, akakata jani moja, akalifunga fundo, akaliweka katika viganja vya Anyesi. Anyesi alijua la kufanya. Alimkimbilia Babu Anaeli, ambaye hakuwa amefika mbali, akamzunguka, akapiga magoti mbele yake na kuliinua isale hilo, jani la kuombea msamaha, kwa mikono miwili.

"Shikamoo Babu. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Babu Anaeli alilitazama jani kwa muda mrefu kiasi cha kumtia mtoto hofu. "Ungekuja mikono mitupu, ningekupita," alisema. "Lakini isale halikataliwi." Akalipokea. Kisha akamtazama Ndesanjo. "Na wewe, la kwako liko wapi?"

Watu wakacheka, na Ndesanjo akaenda kwenye masale akikuna kichwa.

Fundi Emmanuel alihitaji kupima upya. Princess alishika ncha moja ya futikamba, akafuta machozi kwa mkono mwingine, kisha akamnyooshea Anyesi ncha ya pili. Hakutabasamu. "Vuta," alisema. "Usilegeze." Kufikia jioni mtaro ulikuwa umechimbwa.

Kabla jua halijazama, Baba alimwita Anyesi, wakabeba ndoo mbili za maji kupanda mpaka kwa Bibi Nashipae. Walipofika juu, Anyesi alikuwa akihema.

"Nilipotafuta mahali pa bomba, nilitembea njia hii nikihesabu hatua," alisema Baba. "Kutoka hapa mpaka bondeni ni elfu moja mia tisa. Mpaka kwa Babu Anaeli ni mia nane. Nikuambie ukweli? Mimi pia nilitamani lije getini kwetu. Nilihesabu mara mbili nikiomba hesabu initetee, ikakataa."

Anyesi hakujua kwamba baba yake naye hutamani vitu.

"Wivu ulikuonyesha alichopata Princess, ukakuficha anachokosa Bibi Nashipae," aliendelea Baba. "Mali ya wote haiulizi mkubwa ni nani, inauliza ni nani anayetoka mbali zaidi. Usingesema kweli leo, mzee wa watu angebaki na aibu isiyo yake, na sisi tungekunywa maji ya uongo." Akaitazama mikono yake. "Nami nina kosa langu. Wanaobisha hodi nawasikia wote. Wewe hubishi kwa kuwa uko ndani, nikakusahau. Kesho asubuhi tutakunywa chai pamoja kwanza, mwanangu, na wageni watasubiri kidogo."

Wiki tatu baadaye bomba lilifunguliwa. Siku iliyofuata Anyesi aliamka gizani, akabaki kitandani akisikiliza. Ndoo za majirani zilipita moja moja kuelekea juu, kwenye bomba. Alingoja ile yenye kishikio kilicholegea mpaka kukapambazuka.

Haikupita. Safari yake sasa iliishia huko juu, kwenye bomba.