Neno la Kufungulia

"Umeniuzia mfuniko, Mama Pacha! Mfuniko usio na sufuria!"

"Punguza sauti, binti. Ngazi hizi zina masikio mengi kuliko watu."

Masikio yalikuwepo kweli. Milango ya ghorofa ya tatu ilikuwa wazi nusu nusu, na waliokuwa wakishuka kwenda kazini walikumbuka ghafla kufunga kamba za viatu. Mshona nguo alisimama katikati na gauni lake la buluu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kompyuta iko wazi mikononi kama sinia. Kwenye kioo cheusi kimstari kilipepesa, kikidai neno la siri kabla mashine yenyewe haijaamka.

"Ilikuwa ya marehemu mume wangu," alisema Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili. "Mimi niliipangusa vumbi nikakupa. Hilo neno nitalitoa wapi?"

Alisema hivyo akitazama ukuta. Wote waliona, hakuna aliyetilia maanani.

"Jumatatu masomo yangu ya kubuni mitindo yanaanza, na ni ya mtandaoni! Nisipoingia siku ya kwanza, nafasi anapewa mwingine. Miaka miwili nimeingoja!"

"Samahani," ilisema sauti ya kiume kutoka chini. "Naomba kupita. Au niione kwanza?"

Alikuwa fundi kompyuta, anamrudishia mtu printa. Shati jeupe limekunjwa hadi viwiko, bisibisi mfukoni. Akaitua printa, akakiinamia kioo, halafu, bila haraka yoyote, akamtazama mwenye kioo.

"Umejaribu mara ngapi?"

"Tatu. Ikanifungia kabisa, ikaniandikia tarakimu."

"Usijaribu tena. Hii siyo kufuli ya chumbani, ni ya geti. Hata ukibadilisha diski, iko palepale. Za zamani ungezitoa betri ndogo ya ndani, zikasahau. Hii haisahau."

"Kama mimi."

Fundi akacheka. "Basi itabidi nikae nayo vizuri."

Waliokuwa wakifunga viatu wakatazamana.

Akaondoka nayo, na simu haikukawia.

"Mwenye geti, hujambo?"

"Sijambo, bawabu. Limefunguka?"

"Bado. Nimepiga kukujulisha kwamba bado."

"Asubuhi ulipiga kunijulisha hivyohivyo."

"Hali inabadilika, mrembo. Sasa ni bado zaidi."

Alicheka mpaka akashona mkono wa blauzi ya mteja nje ndani.

Jumatano ndipo maji yalipozidi unga.

"Kiwanda kinaweza kutoa namba ya kufungulia," alisema fundi, "ila kwa risiti ya mnunuzi wa kwanza. Unayo?"

"Nitaitoa wapi? Si nimenunua kwa jirani, mkono kwa mkono! Wenzako sokoni wanafungua bila maswali."

"Mimi bila karatasi siigusi, hata ingekuwa ya mama yangu mzazi. Niliwahi kufungua moja, kumbe ya wizi. Mwenyewe akaja kulia mbele yangu."

Mshona nguo akaisimamisha cherehani.

"Kwa hiyo mimi mwizi?"

"Sijasema..."

Akakata. Mara saba simu iliita juu ya cherehani, mara saba akaifunika kitambaa.

Sasa sikia. Alhamisi fundi akaonekana anabisha kwa Mama Pacha. Ijumaa tena, kanyoa ndevu. Jumamosi alitoka mle ananukia sabuni, Mama Pacha anamsindikiza hadi kwenye ngazi akifuta macho. Na Mama Pacha ana nini? Ana mabinti wawili mapacha, wazuri kama mwezi na kivuli chake majini. Jengo zima likakubaliana kwamba kijana anaposa, kinachomkwamisha ni kuchagua.

Safari hii mshona nguo ndiye aliyepiga.

"Nasikia harusi imekaribia. Umemchukua yupi, wa kulia au wa kushoto?"

"Nani kakuambia..."

"Mle ndani unafanya nini?"

Fundi akavuta pumzi. "Siwezi kusema. Nimeahidi kunyamaza."

"Basi nyamaza moja kwa moja!"

Mshona nguo akakata simu, akalia kidogo, akanawa uso, akajiambia hata masomo basi.

Jumapili mchana, chakula kiko mezani, mlango ukagongwa. Mama Pacha amejitanda mtandio mweupe, na nyuma yake fundi, ameikumbatia kompyuta.

"Huyu kijana usimnunie," Mama Pacha akaanza. "Siku tatu kapekua maboksi ya marehemu akitafuta risiti. Kafukua vumbi mpaka nikamtengea maji ya kuoga. Risiti haipo. Lakini neno..." Akavuta mtandio. "Neno nalijua. Nililijua siku ile kwenye ngazi."

"Mama Pacha!"

"Ni jina alilokuwa akiniita tukiwa wawili tu. Ningelitamkaje mbele ya wafunga viatu wote wale? Tangu azikwe halijapita mdomoni mwangu. Huyu nilimwambia kwamba nalijua, nikamwapisha asimwambie mtu. Hakuniuliza ni neno gani. Kaniambia, 'Mama, ukiwa tayari utaliandika mwenyewe.'"

Mshona nguo akamtazama fundi. Fundi akatazama soksi zake.

Kompyuta ikawekwa juu ya meza ya kushonea. Mama Pacha akafunika mkono wake kwa mtandio, akaandika herufi moja moja. Akabonyeza. Kioo kikaangaza, na usoni mwa mjane machozi na tabasamu vikafika pamoja. Hilo jina, msiniulize. Jengo zima tumejaribu kulipata hadi leo.

Fundi akaingia kwenye mipangilio, akaiondoa ile kufuli. "Kesho saa ngapi darasa?"

"Saa tatu."

"Nitapiga saa mbili. Kukujulisha kwamba bado saa moja."

Mshona nguo akaficha kicheko kwa futi, akamshika Mama Pacha mkono. "Mama, mabinti leo hawapo, utakula na nani? Kaa hapa tule."

Mama Pacha akakaa. Fundi alikuwa amesharudi mlangoni, viatu mkononi, hajui avae au asivae.

"Na mimi je?"

"Wewe," alisema mshona nguo, akivuta kiti cha tatu, "risiti unayo?"

"Sina."

"Viweke chini hivyo viatu. Nawa mikono, mpenzi, uje kula."