Maji ya Chumvi na Waya wa Ndagoni

Wanawake wa Ndagoni hupiga makumbi asubuhi. Makumbi ya nazi huzikwa ufukweni, katika mashimo ya maji ya bahari, yakalainika kwa miezi. Kisha hutolewa, yakapigwa kwa magongo mpaka zibaki nyuzi za kusokota kamba. Kazi hiyo inanuka, lakini imelisha nyumba nyingi.

Mwanahalima aliifanya tangu utotoni. Lakini mwaka ule, zama za Wajerumani, alipotoka eda hakuna aliyetaka kukaa naye. Akifika, wenzake walihama. Mumewe, Ussi, alikuwa amekufa shimoni.

Bwana Hamoud, mwenye shamba la minazi, alikuwa ameleta mashine ya umeme. Waya ulitoka bandani kwenye mashine mpaka kwenye pampu ya kutoa maji mashimoni. Siku aliyokufa, Ussi aliingia shimoni, maji yakamfika kiunoni. Alishika bomba la pampu ili ajiinue. Hakupiga hata ukelele. Alikakamaa, akaanguka, akatolewa maiti.

Asubuhi hiyohiyo yeye na mkewe walikuwa wamegombana. Mwanahalima alimwambia, "Nenda, na usirudi!" Mwanamkuu, mama yake Ussi, alisikia.

"Umemtumia mwanangu jini," alimwambia mkwewe matangani. Mwanahalima moyoni aliogopa kwamba huenda ni kweli.

Pampu ikaanza kulegea. Bwana Hamoud akamwita Fundi Shamte kutoka Unguja, mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika mashine za meli. Siku fundi alipofika, Iddi, mdogo wake Ussi, ndiye aliyepangiwa kuingia shimoni. Mwanahalima alipomwona anakunja nguo, alimkimbilia fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unakimbia?"

"Mume wangu alifia humu. Wanasema ni jini. Nawe wasemaje?"

Shamte alifuata waya kwa macho. Karibu na shimo, kitambaa cha kuufunika kilikuwa kimeoza. Shaba tupu iligusa bomba la chuma.

"Iddi! Usiingie!" alipaza sauti. Akaenda kuizima mashine. Aliporudi alisema, "Leteni maji ya kisima katika beseni la mbao, na beseni jingine la maji ya bahari. Mama, nawe njoo uone."

Mwanamkuu, aliyekuwa amesimama karibu na Iddi, akasogea, uso umekunjamana. Fundi akatia vipande viwili vya chuma katika maji ya kisima. Akaviunga na waya na kipimo, akawasogeza watu nyuma, kisha akaiwasha mashine.

"Umeme unasukumwa," alisema. "Nguvu ya kusukuma tunaipima kwa volti. Hapa ni volti mia. Umeme unaopita tunaupima kwa ampea. Kipimo kinasema ampea moja. Maji nayo yanauzuia. Kuzuia huko ni ukinzani, nao tunaupima kwa omu. Gawa volti kwa ampea. Mia kwa moja?"

"Mia," alisema Mwanahalima.

"Omu mia. Sasa maji ya bahari."

Alizima, akahamisha vyuma vilevile, akawasha. Mshale wa kipimo ukaruka. Maji yakatoa mapovu na harufu kali.

"Volti ni mia ileile. Ampea ni kumi. Gawa."

Mwanahalima alihesabu kwa vidole. "Kumi."

"Omu kumi tu. Chumvi imeufungulia umeme mlango. Sasa zidisha volti kwa ampea, upate wati, yaani nguvu inayotumika. Kisimani ni mia mara moja, wati mia. Baharini ni mia mara kumi."

"Elfu," alinong'ona.

Shamte akaizima mashine. "Ngozi kavu huzuia umeme kiasi. Ngozi iliyolowa chumvi haizuii sana. Na moyo wa mtu hauhitaji ampea kumi. Hata sehemu moja ya kumi ya ampea yaweza kuusimamisha. Marehemu alikuwa amelowa, ameshika bomba lenye umeme. Hapana jini hapa."

Mwanahalima alimtazama. "Na kama waya ungekuwa umefunikwa vizuri?"

"Angekuwa hai."

Hapo ndipo Mwanahalima alipokaa mchangani akalia. Alikuwa ameogopa kwamba maneno yake yamemuua mumewe. Kumbe ni kitambaa kilichooza. Hakujua lipi lilikuwa zito zaidi, hatia ile au kifo kilichoweza kuepukwa.

Bwana Hamoud, aliyekuwa akitazama, akasema, "Nilipoambiwa ni jini, nilifurahi kuamini. Waya ule ulikuwa wangu."

Waya mpya ulitundikwa juu ya nguzo, mbali na maji, umefunikwa mpira. Pampu ikapata nguvu tena, maana umeme haukuvuja njiani. Fundi akaacha amri moja: mtu asiingie shimoni wala asiguse bomba kabla mashine haijazimwa.

Mwanamkuu hakuomba radhi siku ile. Baada ya siku kadhaa alikuja na gongo lake, akaketi kando ya mkwewe. Wanawake wengine wakaangaliana.

"Nilikuita mchawi," alisema, macho yakiwa kwenye makumbi. "Nilitaka awepo wa kumlaumu."

"Hata mimi nilijilaumu, mama."

Wakapiga makumbi pamoja. Iddi alipofika ukingoni, Mwanamkuu aliinuka.

"Mashine imezimwa?"

"Imezimwa!" wakajibu kutoka bandani.

Iddi akaingia majini. Wanawake hao wawili walisimama ukingoni mpaka akatoka.