Hhando Alivyowaua Ng'ombe kwa Mdomo

Ndugu wanakijiji, tulieni niwasimulie aibu iliyotokea Nangwa, enzi zile mashamba ya ngano ya serikali yalipokuwa yamefunika tambarare na malisho yamebaki vipande vipande.

Nyumba ya Mzee Hhando ilikuwa na amani. Jioni watoto walikula ugali na mlenda, mkewe Letisia akiimba nyimbo za kanisani, na Hhando mwenyewe akicheka mpaka kofia inamdondoka. Kisha mvua ikakataa mwaka mzima. Ng'ombe wa bomani kwake wakafa wote. Hilo ni kweli, tusimwonee.

Lakini mnajua desturi yetu: mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote boma moja. Hhando alikuwa na wengine kwa rafiki yake Akonaay, kule Dirma, ambako maji hayakukauka. Akonaay alikunywa maziwa. Ng'ombe na ndama wakabaki mali ya Hhando. Na kila aliyezaliwa au kufa, mtunzaji sharti amjulishe mwenyewe mbele ya mashahidi.

Serikali ikatangaza msaada: mitamba kwa kaya zilizobaki bila ng'ombe hata mmoja.

"Baba Tluway, sisi tunao," Letisia alimnong'oneza mumewe.

"Unawaona hapa?"

"Wako Dirma."

"Basi. Macho ya serikali hayafiki Dirma."

Siku ya kugawa, lori la shamba la ngano lilileta mitamba. Alipobaki mmoja, watu walikuwa wawili: Hhando, na Perpetua, mjane ambaye ng'ombe wake walikufa wote na wanawe walikuwa wakilala bila tone la maziwa.

"Mzee Hhando," mwenyekiti wa kijiji aliuliza, "umebakiwa na nini?"

"Hata mkia, mwenyekiti!" Hhando alijifuta machozi ambayo, kwa ushahidi wa waliosimama karibu, hayakuwapo.

Akapewa mtamba. Perpetua akamwendea, akamshika mkono.

"Pole sana, kaka. Wewe umepoteza wengi kuliko mimi."

Masikio ya Hhando yaliwaka moto, lakini kamba ya mtamba hakuiachia.

Ndipo Akonaay akatokea, miguu vumbi tupu, ameshika majani mabichi kama afanyavyo mleta habari njema.

"Hhando! Nimefika kwako nikaambiwa uko huku. Vizuri, mashahidi wapo. Ng'ombe wako wamezaa! Ndama watatu, na mama zao wazima!"

Hhando alikohoa. Akamkonyeza.

"Unaumwa jicho?" Akonaay aliuliza kwa huruma.

Kicheko kilipasuka, kisha kikafa. Mwenyekiti alimgeukia Hhando, naye akababaika: "Si... si wangu hao."

"Si wako?" Akonaay alishtuka. "Rafiki yangu, fikiri. Ukiwakana mbele ya watu, kuanzia leo ni wangu. Haya, sema tena."

Hebu mwoneni mzee wetu. Akikana, anapoteza ng'ombe. Akikiri, anapoteza uso. Alimtafuta mkewe kwa macho. Letisia alikuwa amejifunika khanga mpaka kichwani.

"Ni wangu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyemeza jivu.

Alimpelekea Perpetua kamba bila kuinua macho. Perpetua aliipokea, lakini hakuondoka.

"Kaka, nilikupa na pole," alisema taratibu. "Nirudishie na hiyo."

Hhando alivuta kofia yake mpaka machoni. Alishika njia ya nyumbani peke yake, na watoto aliowapita walimwamkia shikamoo kama walivyofundishwa. Hakuweza hata kuitikia marahaba.

FUNZO

Msaada wa maafa una mwenyewe, naye ni yule aliyefikwa na maafa. Ukitaka kujaribu hila ya Hhando, kwanza tafuta marafiki waongo, maana waaminifu watakuumbua kwa nia njema kabisa. Lakini ni heri usijaribu. Anayejifanya fukara haiibii serikali iliyo mbali. Anamwibia jirani aliyesimama naye kwenye foleni. Mtamba unaweza kumrudisha. Huruma ya jirani, ukishaila kwa uongo, haina malipo.