Mjomba Atatukuta Hukohuko

"Hiyo mimba ni ya nani, Yusrah?"

Yusrah alikuwa bado hajaivua. Alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya kituo cha afya, jasho linamtiririka, mkanda wa tumbo la bandia umembana mbavu, simu iko sikioni. Akalitazama tumbo lake, akacheka.

"Ya mradi."

"Nakuuliza kistaarabu."

"Na mimi nakujibu kistaarabu. Ni sponji, Hussein. Tulikuwa kwenye zoezi."

"Na huyo mwanamume aliyekukumbatia kwenye bodaboda, analia 'mke wangu, mke wangu', naye ni sponji?"

Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Umeona wapi?"

"Kaangalie status ya mama Mwamvua. Mji mzima wa Kilosa umeshaangalia."

Akaangalia. Mama Mwamvua, mama mdogo wake Hussein, ndiye aliyemlea, na duka lake dogo pale mtaa wa Magomeni, Kilosa, lilitazamana na nyumba ambako zoezi lilianzia. Video ilikuwa wazi kabisa. Yusrah kalegea katikati ya bodaboda, tumbo hilo, kanga imelowa wekundu, na nyuma yake tabibu Thadeo kamshika kwa mikono miwili huku akipiga mayowe. Chini mama Mwamvua alikuwa ameandika: *Dunia haina siri. Huyo ni mchumba wa mtu.*

Harusi ilikuwa imebakiza mwezi mmoja.

"Hussein, nisikilize. Mimi ni mkunga, unanijua. Dokta Verdiana anafanya utafiti wa akina mama wenye mimba za hatari. Mazoezi yetu siku zote yalianzia wodini, mama akishafika. Sasa wengi hawafiki! Kwa hiyo tunaanzia nyumbani, na ndugu na majirani, tuone kama watajifunza kumwahisha. Mimi naigiza mgonjwa kwa sababu najua dalili. Thadeo ni mume wa zoezi. Ana mke wake na watoto mapacha."

Upande wa pili ilisikika honi ya lori.

"Sawa," Hussein akasema. "Nimekuelewa. Ni sponji. Basi acha."

"Niache nini?"

Simu ikakatika. Baada ya muda ikaingia meseji: *Nakupenda kuliko unavyojua. Lakini hilo tumbo sitaki kuliona tena mwilini mwako. Chagua, hilo au mimi.*

Yusrah hakujibu. Kuna mambo hayajibiwi kwa vidole.

*

Siku yake ya mapumziko akapanda gari kwenda Mikumi. Alimkuta Hussein mahali pake pa kazi, kando ya barabara kuu, amelala nusu chini ya lori la mizigo, anapigana na gurudumu la nyuma. Ni fundi wa matairi ambaye madereva wa Iringa wanamjua kwa jina. Alipoiona miguu ya Yusrah akatoka taratibu, mikono myeusi tii.

"Umekuja kunijibu?"

"Nimekuja kukuuliza. Mwanamume mzima unaionea wivu sponji?"

"Sio wivu."

"Ni nini basi? Maana watu Magomeni wananipongeza kwa uzazi!"

Hakucheka. Akachukua spana, akaiweka, akaichukua tena.

"Ile kanga ilikuwa na damu."

"Ni rozela, Hussein. Juisi ya rozela. Tuliibakiza kidogo tukainywa."

"Najua ni rozela!" Sauti ikamtoka kubwa hadi dereva wa lori akageuka. Hussein akashusha pumzi. "Yusrah, nilikuambia mama yangu aliugua akafa. Hakuugua. Alikuwa na mimba ya mdogo wangu, miezi minane. Asubuhi akaanza kutoka damu, wala uchungu hana. Nilikuwa nimevaa sare, nataka kwenda shule. Kwa jirani palikuwa na pickup, ikaletwa mpaka mlangoni, ikawashwa. Naisikia mpaka leo ile injini."

"Ikawaje?"

"Wakubwa wakasema mjomba wake ajulishwe kwanza. Si unajua sisi, binti ni wa wajomba, hatoki nyumbani katika hali ile bila wao. Na mjomba alikuwa shamba, ng'ambo ya mto. Tukangoja. Baadaye kidogo mtu akasema zimeni gari, linakula mafuta bure." Akafuta uso kwa mkono, grisi ikabaki shavuni. "Mjomba alikuja kuzika."

Mwaka mzima Yusrah amependana na huyu mtu, na jambo hili alikuwa amelifungia ndani peke yake.

"Pole, mpenzi wangu. Pole sana."

"Halafu nafungua simu nakuona wewe na kanga ileile. Mama Mwamvua anasema bibi harusi kuvaa mimba ya uongo na kujifanya anakufa ni uchuro. Na mimi nasema ni uchuro. Unajichuria, Yusrah! Nimeshazika mmoja. Acha, tuoane, tuishi."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Hussein angekuwa mkali, Yusrah angemjibu kwa ukali. Lakini alikuwa anaomba, na macho yamejaa machozi.

"Mama yako hakuuawa na uchuro," akasema taratibu. "Alichelewa. Na kuchelewa kunafanyiwa mazoezi kukaisha. Siachi, Hussein."

"Hata nikikuacha?"

"Hata ukiniacha. Nitalia, nitakonda, nguo zangu za harusi nitampa mdogo wangu azivae. Lakini siachi."

Wakatazamana. Dereva wa lori akajifanya anakagua taa zake.

"Jumamosi zoezi la mwisho linafanyika hapahapa Mikumi," Yusrah akaongeza. "Linaanzia nyumba ile ya bati jekundu nyuma yako. Thadeo atakuwa kituoni, upande wa kupokea. Nafasi ya mume iko wazi."

Akaondoka wima kama askari. Alipopata kiti cha dirishani, akajifunika mtandio, akalia mpaka Kilosa.

*

Ijumaa akatuma meseji: *Kesho saa nne asubuhi.* Tiki mbili zikawa za bluu. Jibu halikuja.

Jumamosi, nyumba ya bati jekundu ilijaa watu. Dokta Verdiana, mama mfupi mwenye miwani, alimvuta Yusrah kando.

"Nimesikia yaliyokupata. Nimuweke mtu mwingine avae tumbo?"

"Hapana, dokta. Nifunge mkanda."

Kabla mkanda haujafungwa, sauti ikapaa getini.

"Liko wapi hilo tumbo? Nimekuja kulishika kwa mkono wangu!"

Alikuwa mama Mwamvua mwenyewe, katoka Kilosa alfajiri, kajifunga kanga mbili. Yusrah akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akalibonyeza tumbo kwa kidole. Likabonyea, likarudi. Akalibonyeza tena, aibu inaanza kumpanda. "Mh. Kweli sponji."

"Tunahitaji mama mkwe wa zoezi," Dokta Verdiana akasema haraka, maana alijua kuchangamkia bahati. "Utatusaidia?"

"Mama mkwe ndiyo mimi. Nisaidie nini tena?"

Watu wakacheka. Yusrah akalala kwenye mkeka, rozela ikamwagwa kwenye kanga. Bajaji ilikuwa nje inanguruma.

"Mume yuko wapi?" Dokta Verdiana akauliza.

Yusrah akafumba macho asione watu wanavyomwonea huruma.

"Nipo."

Hussein alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli lake, mikono haijanawa. Aliitazama ile kanga, rangi ikampotea. Lakini akaingia.

"Unajua cha kusema?" dokta akamuuliza.

"Najua."

Filimbi ikapulizwa. Hussein akapiga magoti kando ya mkeka.

"Mke wangu anatoka damu! Nisaidieni! Mke wangu!"

Thadeo alikuwa ameliigiza neno lile. Huyu alilisema. Akamwinua Yusrah, wakafika kizingitini, na hapo mama Mwamvua akanyoosha mikono yote miwili.

"Ngojeni! Mjomba wake amejulishwa? Binti wa watu haondoki hivihivi!"

Hakuna aliyemfundisha kusema vile. Lilimtoka lenyewe, kama lilivyowatoka wakubwa wote kabla yake. Yusrah akasikia mikono ya Hussein inalegea. Akarudishwa mkekani. Mtu akaanza kupiga simu, mwingine akauliza huyo mjomba anakaa wapi, ubishi ukazuka. Nje, dereva wa bajaji, ambaye naye hakufundishwa, akaona watu wanachelewa.

Akazima injini.

Walipofika kituoni hatimaye, hapakuwa na kilichoandaliwa, maana hakuna aliyepiga simu. Thadeo na wauguzi wakakimbizana, wakafanya kila kitu ipasavyo. Dokta Verdiana akatazama saa yake, akatikisa kichwa.

"Mama amefariki. Na mtoto."

Sheria ya zoezi ni kwamba aliyekufa hasemi. Yusrah akabaki kafumba macho, anasikia pumzi za Hussein zinakatika juu yake, na kumkumbatia hawezi.

"Sasa tukae tujadili," dokta akaanza. "Kosa la kwanza..."

"Tena."

"Samahani?"

"Tunarudi mwanzo, dokta. Sitoki hapa leo mke wangu akiwa amekufa."

Dokta Verdiana akavua miwani, akaivaa. "Mwanzo," akasema.

Mkeka uleule, kanga ileile. Filimbi. Hussein akamnyanyua Yusrah mzimamzima, sponji na yote. Mama Mwamvua akasimama kizingitini, nafsi inamsuta, mazoea yanamsukuma.

"Lakini mjomba wake..."

"Mjomba atatukuta hukohuko!" Hussein akanguruma. "Mama, shika simu, waambie kituoni tunakuja, mjamzito wa miezi minane, anatoka damu! Wewe dereva, ole wako uzime!"

Mama Mwamvua akakaza kanga kiunoni, akajipakia kwenye bajaji wa kwanza, simu sikioni, anapiga kelele kuliko wote. "Haloo! Kituoni? Fungueni geti! Tunakuja na mkwe wangu!"

Safari hii Thadeo alikuwa nje na kitanda cha magurudumu. Wakamlaza ubavu wa kushoto, dripu mikono yote miwili, damu ikachukuliwa kupimwa kundi, gari la wagonjwa likaitwa limpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kila mtu alijua mahali pake. Dokta Verdiana akaitazama saa, akaitazama tena, akatabasamu.

"Mama mzima. Mtoto mzima."

Vigelegele vikapasua kituo. Hussein hakushangilia. Alikaa sakafuni pale alipokuwa, akalia mbele za watu bila kujificha. Yusrah akafungua mkanda, akaliweka tumbo kando, akakaa naye chini.

"Angepona," Hussein akasema.

"Sijui, mpenzi. Lakini angefika."

"Ulikuwa unasema siku zote na mimi nasikia uchuro." Akamshika mkono, grisi na rozela vikachanganyika. "Usiache. Ukiacha, nitavaa hilo tumbo mwenyewe."

"Halikutoshi."

"Nitalitanua. Mimi ni fundi."

Jioni hiyo status ya mama Mwamvua ilibadilika. Picha ilikuwa ya Hussein na Yusrah sakafuni, maneno chini yake: *Niliyoyaandika mwanzo nimeyafuta. Huyu ni mkwe wangu. Mwenye mimba hangoji kikao.*

*

Siku ya harusi, nyumbani kwao Yusrah pale Magomeni palifurika. Nikaha ilishafungwa, bibi harusi yuko tayari kupelekwa Mikumi kwa mumewe, maua yamefungwa kwenye kioo cha gari. Wazee wa upande wa Yusrah wakajikusanya mlangoni, wakakohoa.

"Ngojeni kidogo. Mjomba wake hajafika."

"Yuko wapi?"

"Anasema yuko njiani. Ila mnamjua, akisema yuko njiani bado anaoga."

Yusrah akamtazama Hussein, Hussein akamtazama Yusrah. Hakuna aliyethubutu kusema, maana siku ya harusi adabu ndiyo nguo ya kwanza. Aliyesema alikuwa mama Mwamvua, kutoka kiti cha mbele, dirisha kalishusha mpaka mwisho.

"Jamani pandeni! Mjomba atatukuta hukohuko!"

Wazee wakaangua kicheko, wakasogea, njia ikawa wazi. Na gari lilikuwa limeshawashwa.