Hatua kutoka Kaburi la Kornel

Asubuhi moja ya Julai, mwaka 1996, Evelyn alikwenda kukata majani ya ng'ombe akakuta masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani, yamesogea. Hayakung'olewa wala kulazwa. Yalisimama wima kwa mstari, udongo wa mashinani umeshikamana kana kwamba yaliota hapo miaka mingi. Ila yalikuwa hatua moja karibu zaidi na nyumba yake.

Hakuweza kukosea. Mwezi Mei waliyapanda yeye na mumewe, Valerian. Valerian alichimba, yeye akashika miche.

Mpaka huo ulitenganisha kihamba chao, yaani shamba la nyumbani la urithi, na kihamba cha marehemu Kornel, kaka yake Valerian. Baba yao aliuweka mbele ya ukoo, akapanda masale, akasema hapo hapatasogezwa. Kornel alipofariki mwaka 1995 alizikwa kwenye shamba lake, na kutoka kaburini hadi mpakani zilikuwa hatua kumi na mbili. Mjane wake, Leonia, alipanga chumba Soweto, mjini Moshi, akawa anauza mitumba, maana kahawa haikuwa inamlipa mtu tena. Leonia akiwa huko, Valerian aling'oa masale yote akayapanda upya kwenye ukingo wa kaburi la kaka yake. Kisha akamwaga zege la msingi wa duka juu ya mpaka wa zamani, kando ya barabara.

"Nani amechezea mpaka wangu?" Valerian aliuliza alipoyaona.

"Ni wako, Baba Gladness?" mkewe alimjibu.

"Wewe si ndiye uliyeshika miche? Nyamaza."

Akayarudisha kwenye ukingo wa kaburi. Kesho yake yalikuwa yamesogea hatua mbili.

Mwezi ule ukungu ulishuka kutoka msituni kila siku saa kumi alasiri, na ndani yake ilisikika sauti ya jembe likigonga mawe. Baada ya jembe zilifuata nyayo za mtu anayepima, na sauti nzito iliyohesabu taratibu ikikatizwa na kikohozi. Harufu ya ugoro ikajaa jikoni. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa akinusa ugoro. Kornel alikuwa akinusa, na kikohozi kile kilikuwa chake.

Siku masale yalipofika kwenye msingi wa duka, yalikutwa yamesimama ndani ya zege, na zege halikuwa na ufa. Hapo ndipo palipokuwa mpaka wa haki, lakini hayakuishia hapo. Mbwa wao alilala kwenye mstari akaamka vipande viwili. Juma lililofuata mstari ulipita katikati ya banda. Evelyn aliingia na ndoo ya kukamulia akakuta ng'ombe amekatwa kiunoni, sawasawa kama gogo lililopita mashineni, damu ikichuruzika kwenye mtaro wa mkojo, na nusu ya mbele bado ilikuwa inatafuna majani.

Katekista alikuja akanyunyiza maji ya baraka, akasema ni jini, akaondoka bila kungoja chai. Wakamwita Meku Filemon, mzee aliyewahi kusimamia mipaka mingi ya kijiji.

"Shikamoo, Meku," Evelyn alisema.

"Marahaba, mwanangu." Aligusa masale kwa fimbo, akanusa hewa. "Jini huletwa. Huyu hakuletwa na mtu, mmemkanyaga alipolala. Valerian, chuma sale umpelekee shemeji yako, umwombe radhi. Sale halikataliwi. Kisha rudisha hatua zote kumi na mbili."

"Mimi nimpigie magoti muuza mitumba?"

"Basi chagua upande wa kulala," mzee alisema, akaenda zake.

Evelyn alimpeleka binti yao Gladness kwa bibi yake aliyeishi Rau. Alimsihi mumewe waondoke wote, naye akajibu kwamba mwanaume akitoka kwenye nyumba yake ndiyo imekwenda. Akanoa panga, akakaa kitandani akisubiri saa kumi.

Ukungu uliingia kupitia chini ya mlango. Evelyn, aliyekuwa amesimama ukutani na rozari, alisikia jembe likigonga sakafu ya chumba, mara moja, mara ya pili, kisha sale la kwanza likachomoza kwenye saruji miguuni pa kitanda, na la pili, na la tatu, majani yake yakiwa yamelowa kitu cheusi kilichonuka udongo wa kaburini na ugoro, na Valerian akaruka akipiga kelele za matusi, akakata la kwanza, akakata la pili, mpaka panga likamponyoka likaangukia ng'ambo ya mstari, naye akaunyoosha mkono wa kulia kulichukua, wakati Evelyn anapiga yowe, "Usivuke! Baba Gladness, usivuke!", na sauti ile nzito ikakohoa mara moja karibu kabisa na sikio lake, kama mtu anayeomba njia.

Mkono uliangukia ng'ambo. Vidole vilishika mpini wa panga, vikaukaza, vikatulia.

Evelyn alimfunga mumewe kwa kanga mbili, majirani wakamkimbiza hospitali. Valerian aliporudi baada ya siku tisa alikubali kila kitu. Evelyn alishuka Soweto, akamkuta Leonia akikunja mashati, akamweleza akilia. Leonia alimaliza kukunja kwanza.

Siku iliyofuata Valerian alipiga magoti kwenye kaburi la kaka yake, sale likiwa katika mkono wa kushoto.

"Shemeji, nimekosa."

Leonia alilipokea. "Nimelipokea kwa ajili ya Kornel. Mkono wako sikuutaka. Nilitaka kaburi lake liwe na uwanja."

Kisha Valerian akaanza kupima kutoka kaburini, akihesabu kwa sauti, kama baba yao. Leonia alikuwa ameinama akipalilia kaburi. Meku Filemon alisimama mbali, masikio yake yakiwa yamechoka kwa uzee. Evelyn peke yake alifuata nyuma na miche.

"Tisa. Kumi." Valerian alikohoa kidogo. "Kumi na mbili."

Alisimama hatua moja kabla ya msingi wa duka lake. Evelyn alifungua mdomo. Mumewe alimgeukia, kisiki cha mkono kikiwa kimefungwa kifuani, macho yakimsihi. Evelyn akaufunga. Akashika miche.

Ukungu wa jioni ile haukuwa na sauti, wala ule wa siku zilizofuata. Duka lilijengwa, likauza sukari, mafuta ya taa na baadaye vocha za simu kwa miaka saba. Valerian alijifunza kufunga vifurushi kwa mkono mmoja na meno.

Alifariki kwa presha mwaka 2003. Wanaukoo walichimba kaburi nyuma ya duka, kandokando ya masale, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Evelyn aliona linachimbwa ndani ya ile hatua moja iliyoibwa. Mara nyingine tena hakusema.

Kesho yake baada ya maziko, ukungu ulishuka saa kumi. Alitoka na shada la maua, akakuta masale yamesogea hatua moja, yamesimama juu ya kaburi jipya, yakilikata katikati. Chini yake udongo ulikuwa umebonyea kwa mstari mmoja ulionyooka, umelowa, mweusi. Aliliacha shada likaanguka, akakimbilia ndani.

Gladness, aliyekuwa sasa msichana wa miaka kumi na sita, alisimama dirishani.

"Mama, akina nani wanahesabu huko nje?"

Evelyn alisikiliza. Sauti zilikuwa mbili. Ya kwanza ilihesabu taratibu, ikikohoa, ikafika kumi, ikanyamaza kumpisha mwenzake. Ya pili aliijua kwa miaka ishirini ya ndoa, nayo ilikuwa na namba moja tu.

"Kumi na moja," Valerian alisema. "Kumi na moja. Kumi na moja."

Na kila alipoitamka, alikuwa hatua moja karibu zaidi na mlango.