Kibodi ya Marehemu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na mzime hiyo redio, maana nataka kimya.

Shoga yangu mshonaji aliachiwa kompyuta na marehemu mumewe, na ndani yake alihifadhi mitindo yote ya wateja. Enzi za uhai wake, kila kompyuta ilipoomba kusasishwa, mume aligonga "Baadaye" kwenye kibodi kwa kidole gumba, tak, tak. Kwa mwanya huo wezi wa mtandaoni wakaingia, wakafuta nusu ya mitindo.

Alasiri moja ya mvua, shoga akaamua kuiweka ijisasishe yenyewe.

"Shemeji, iache kama kaka alivyoiacha," akasema mdogo wa marehemu.

"Kaka yako hashoni. Mimi ndiye ninayeshona."

Kioo kikazimika, chumba kikawa giza. Tak, tak. Kioo kikawaka kimeandikwa: Imeahirishwa. Hakuna aliyegusa kitu.

"Baba watoto, umeniamrisha vya kutosha," shoga akasema, akachomoa waya wa kibodi, akaanza upya kwa kipanya. Kioo kikazimika tena, na gizani kibodi ikalia, waya ukining'inia. Yeye akakaa palepale, amekunja mikono, mpaka kazi ikaisha.

Shoga alipofariki, bintiye alirithi kompyuta, na inajisasisha mpaka leo. Mimi nilirithi kibodi. Imo kabatini humo, nimeiviringishia shuka, na mkinyamaza kidogo mtaisikia.